Nilisema mafuta ya transfo haiozi, Cimpunda wakapiga makofi

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu.

Kiswahili changu ni cha huku. Ukikuta "iko" na "mutoto" usinirekebishe, vumilia tu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na yamegusa dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo sina hamu ya kuongeza chumvi.

Mi nafanya kazi mu labo. Tunapima udongo, maji, samaki wa ziwa.

Kule juu ya Cimpunda, mtaa mumoja wa huku Bukavu, kuna depo ya zamani, ni fasi, yaani mahali, walitupa transfo za umeme zilizokufa. Transfo ina mafuta ndani, na zile za zamani mafuta yake imechanganywa na kemikali inaitwa PCB. Viwanda viliipenda juu haiungui ovyo na haiharibiki.

Sasa ubaya wake ni huo huo.

Fasi transfo moja ilimwagika nikiwa bado mutoto wa primaire, juzi juzi nilichimba udongo, nikapima. Iko mule mule, kama imemwagika jana. Ikiingia mu mwili inajificha mu mafuta ya mwili, inakula ini polepole. Na mama akinyonyesha, mutoto anakunywa sehemu yake.

Watu wanatoboa zile transfo, wakuu, wanabeba mafuta. Wanapaka magoti yanayouma. Wanakaangia beignet, maandazi yetu, sababu haiishi haraka mu sufuria na haitoi moshi.

Yaya yangu Nabintu, yule dada niliyemutaja, anakaanga beignet za kuuza. Mumeshaelewa.

Niliomba chupa moja ya mafuta yake nikaipima nayo. Resultat, yaani majibu ya vipimo, ikatoka. Ile sumu ilikuwa mu udongo, mu mufereji, na mu chupa ya Yaya.

Chef wa quartier, mukubwa wa mtaa, akaita watu kisha ya misa. Nikasimama.

Jamani, Kifaransa kina neno lake, persistant, kitu inayobakia miaka na miaka, basi. Kiswahili utasema nini mbele ya mamans waliotoka kusali? Nikatafuta neno la kila mutu. Nikasema, "Hii mafuta haiozi. Hata wajukuu wenu wataikuta!"

Wakapiga makofi.

Nilisema pia ni sumu, nilisema ini, nilisema maziwa. Lakini makofi ilikuwa imeshafunika maneno. Mi nikarudi nyumbani nimefurahi, eti wameelewa. Pole yangu.

Kumbe kwetu kitu kisichooza ni kitu cha maana! Muhogo usiooza, mbao isiyooza, nani atakataa?

Juma lililofuata napita soko, nasikia mama mumoja mwenye chupa zake anaita wateja: "Mafuta haiozi! Hata bajukuu batayikuta! Labo ilishapima!"

Haki ya Mungu nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Nikakimbia kwa Yaya. Nikamukuta anakaanga, na binti yake Aline amekaa mulangoni ananyonyesha mutoto wake wa kwanza.

"Mudogo wangu, si weye ulisema haiozi?" Yaya akaniuliza. "Ile ya duka inaoza."

"Yaya, kuoza njo dawa yake! Kitu ikioza, inakwisha. Hii haikwishi."

"Sasa mbona hatuyakufa?"

"Hii sumu haina haraka, Yaya."

Akamuangalia Aline, aliyekulia hizo beignet tangu ameota meno. Akabeba sufuria na kitambaa, akamwaga yote mu mufereji.

Nilipiga kelele, lakini ilikuwa imeshaenda. Ule mufereji unashuka mpaka ziwani. Na mi mwenyewe ningemuambia aimwage wapi? Ile mafuta inaomba tanuru ya moto mukali sana, iko nchi zingine. Sisi hata barabara ya kwenda Bunyakiri, hapa hapa mkoani, inatushinda.

Aline akaniuliza mi mjomba wake pole pole, "Tonton, ile kitu iko mu maziwa yangu?"

"Iko."

"Nimukataze kunyonya?"

Wakuu, hapa njo nilichoka na masomo yangu yote. Maziwa ya kopo angeikoroga na maji gani? Cimpunda choléra, kipindupindu, inabeba mutoto hata padri hajafika. Maziwa yake bado ni afadhali kuliko ile maji. Kwa hiyo mi, mupima sumu, nikamuambia: "Hapana. Endelea kumupa."

Akamurudishia titi.

Funzo langu ni dogo, na limechelewa: kabla hujapeleka resultat kwa watu, ulizia kwanza hilo neno lako wao wanalipenda au wanaliogopa. Mwenye neno la Kiswahili kwa kitu kinachodumu na kinachoua, aliache hapa chini. Nimelitafuta, silipati. Chupa bado zinauzwa, na yule mama bado anaita wateja na maneno yangu.

Jana nimepita kwa Yaya. Siku hizi anauza mihogo ya kuchemsha. Aline akaniinulia mutoto, anacheka: "Tonton, ona vile amenona!"

Nikaangalia yale mafuta ya mashavu yake, nikajibu, "Eeh, amenona."

Nyinyi mungejibu nini?