Chakula cha Siku Tano

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Soko la Burma kula nyama choma. Meza ya jirani alikaa dereva wa lori, kijana mwenye shingo nene, akang'ata mbavu mbili tatu, akapangusa mikono na kuondoka. Sahani aliiacha imejaa. Nilipandwa na hasira, nikaipiga meza hadi kachumbari ikaruka. "Shosho, tulia bana, si pesa ni zake," mjukuu akaninong'oneza. Ni zake, kweli. Lakini wewe rafiki yangu vumilia, nikueleze kwa nini dereva anayetupa chakula hunitia wazimu.

Baba alikuwa dereva wa lori miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya Wazungu ilipowasaka wapiganaji wa msituni. Tulikaa Majengo, hapa Nairobi, watu watano chumba kimoja, kanga kuukuu ndiyo ukuta wa katikati. Tajiri wake alimpa pesa ya chakula cha njiani, na madereva wenzake waliimaliza hotelini kwa nyama na chapati. Baba hakugusa hata senti. Mama alimchemshia mahindi na maharagwe ya siku tano, bila mafuta yasije yakachacha, akayajaza kwenye debe lenye kifuniko. Jioni baba aliyapasha moto kando ya barabara, akala, akalala. Pesa yote alimletea mama. Walitaka kununua kiwanja kwetu magharibi, watutoe Majengo. "Haba na haba hujaza kibaba," mama alisema akikoroga, moshi wa makaa ukimtoa machozi.

Na sababu ya kutaka kutoka Majengo ilikuwepo. Askari walikuja alfajiri, wakavunja milango kwa mateke, wakachana magodoro. Jirani yetu aliyekaanga mahamri alinyang'anywa kijana wake mbele ya macho yetu. Walimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti, na mama yake nyuma na mwiko mkononi, mafuta yakitiririka. Kijana hakurudi. Asubuhi hiyohiyo mama yangu alitutuma tukanunue mahamri kama kawaida, ili jirani apate la kufanya.

Likizo moja baba alinichukua anipeleke kwa bibi. Nilifurahi kupita kiasi. Tulipomaliza kuteremka bondeni tukakuta kizuizi cha majoni, kama tulivyowaita askari wa Kizungu, pamoja na askari weusi. Siku hizo mtu akionekana na chakula kingi alidhaniwa anawapelekea watu wa msituni. Baba alilijua hilo. Lakini alikuwa mtu wa magharibi, si wa makabila yaliyosakwa, lori lilikuwa na karatasi zote, akaamini msako ule haumhusu. Debe lilikaa wazi kabisa, miguuni pangu.

"Hii chakula napeleka kwa nani?" afisa wao Mzungu akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Ni yangu, bwana. Napikiwa nyumbani, nisinunue hoteli."

"Chakula ya watu kumi! Kama yako, kula. Yote."

Baba akapigishwa magoti barabarani, akaanza kula. Alikula kwa mikono miwili, mashavu yakafura, macho yakamtoka. Akipunguza mwendo, kiatu kilimpata mbavuni. Akatapika, wakamwambia aendelee. Sikuvumilia. Niliruka chini, nikatia mkono ndani ya debe, nikala naye huku nikipiga kelele, "Ni chetu! Mama yangu ndiye alipika!" Afisa alinitazama, akacheka, akalipiga debe teke. Mahindi yakatapakaa hadi mtaroni.

Hapo ndipo baba alipokosea. Kwa mazoea yake ya kutopoteza kitu aliinama, akaanza kuyaokota. Askari mmoja akadhani anamdharau afisa, akamshukia na kitako cha bunduki. Nilisikia taya likivunjika. Ningekuwa na jiwe mkononi siku ile, ningeua mtu, na hadi leo sijajuta kuwaza hivyo.

Walituachilia. Baba aligeuza lori, akaendesha hadi Nairobi, damu ikimlowesha kifua, nami nikiishika gia pale aliponionyesha kwa kidole.

Siku hizi Majengo yetu ya udongo yamekwishabomolewa. Harufu ya yale mahindi siisikii tena kokote, kwa kuwa mama hakuyapika tena maisha yake yote. Bonde lile watu hulipita sasa wakipiga picha. Kiwanja chenyewe kilipata mnunuzi mwingine, nasi tukazeekea hapahapa Nairobi.

Maana siku ile baba aliingia ndani akatoa pesa ya safari mfukoni, yote, akamwekea mama kiganjani kama kawaida. Mama akaenda nayo kwa muuza nyama, siku hiyo na kesho yake na kwa miezi, na ile ya akiba ikafuata, akawa anachemsha mifupa na kumnywesha mchuzi kwa kijiko. Siku ya kwanza baba alikizuia kijiko kwa mkono.

"Hii ni pesa ya kiwanja," akasema kwa mdomo usiofunguka.

"Kunywa," mama akamwambia.