Firigisi ya Idd Pili

Haya, nyie mliokaa kule nyuma, sogeeni! Koo langu la siku hizi haliruki uchochoro. Wenye vikombe washike vikombe, wenye watoto wawapakate, na yule anayesemaga mie mwongo aje akae hapa karibu kabisa, halafu amuulize dada yangu, huyu hapa, alikuwepo mwanzo mwisho.

Nawapa Idd ile iliyoangukia kipupwe. Enzi za Ujamaa zile, wakati wa foleni, hata mchele unaweka jiwe kwenye mstari likushikie nafasi, wewe unakwenda zako kulala. Jiwe langu mie lilikaa foleni mpaka likazoeana na mawe ya watu, likataka kuoa. Na baridi nayo! Nyie mnaijua Gongo la Mboto ya leo, nyumba zimebanana kama meno. Wakati ule ilikuwa wazi, baridi inashuka kutoka vilima vya Pugu haina wa kuizuia, inapiga hodi nyumba hadi nyumba. Mbu walikuwa hawaumi. Wanaingia ndani, wanaomba tu kuota moto.

Sasa, mie nilikuwa nimeshaachana na mama watoto. Msinikodolee macho. Hatukuachana kwa ubaya. Mie mdomo mwingi, yeye masikio machache, tukashindwana. Akarudi kwao Buguruni kwa mama yake, na watoto wetu wawili akaenda nao. Mkubwa binti, ndio kwanza kaingia darasa la kwanza, mdomo kaurithi kwangu wote, hakuniachia hata robo. Mdogo wa kiume, huyo bado mtoto kabisa, akivaa shati suruali anaisahau.

Basi nikawa nakwenda kuwaona kama mtu anayeona wagonjwa. Nakaa kidogo kwenye benchi, naacha machungwa, naondoka. Huyo ni baba gani? Moyo ulikuwa unaniuma, lakini nyie hamtaki habari za moyo, mnataka kucheka.

Mwaka ule wazee wakakaa, wakakata shauri: Idd Mosi watoto washerehekee Buguruni, Idd Pili waje kwangu, walale kwangu, na mambo yakienda vizuri wakae mpaka shule zifunguliwe. Likizo nzima! Jamani, nilivyosikia hivyo niliruka, nikashuka kesho yake.

Nikaanza maandalizi. Kazi yangu kusuka vitanda vya kamba, mnajua. Nikawasukia watoto kitanda, kamba ya usumba tupu, matendegu ya mninga, nikaikaza ile kamba mpaka ukitupa embe juu yake linarudi mtini. Nyumba nikaipiga chokaa, ikawaka, ndege wakawa wanapita wamefumba macho. Halafu nikawa na jogoo wangu. Msinibishie kuhusu jogoo! Mbwa wa mtaa mzima wakimuona wanabadilisha njia. Akiwika alfajiri, watu wa Buguruni wanaamka, wanadhani ni wa kwao.

Binti yangu habari za jogoo alikuwa nazo. Nilipokwenda kuwaona akaniuliza, "Baba, firigisi atakula nani?"

"Baba wa nyumba."

"Kwa nini isiwe mie?"

Mama mmoja jirani yao akadakia, "Ee, mtoto wa kike akila firigisi anakuwa mkaidi!"

Nikamwambia, "Mama, huyu ukaidi anao tayari, hatapungukiwa kitu." Nikamgeukia mwanangu, nikamwahidi mbele za watu: firigisi ya Idd Pili ni yako. Shikeni hilo.

Idd Pili asubuhi mapema niko Buguruni. Lakini kuna mkwe wangu pale. Kwetu sie mkwe, mama wa mkeo, huli naye, humtazami usoni, hupiti mbele yake. Akikaa mlangoni, basi mlango huo umefungwa. Nikachuchumaa nje, macho chini, nahesabu sisimizi. Yeye ndani nyuma ya pazia. Katikati kasimama binti yangu, ndiye redio yetu.

"Mwambie baba yako," pazia likasema, "hawa watoto hawajawahi kulala mbali na mie."

"Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie bibi shikamoo."

"Bibi, baba anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Na mwambie, wakilia kumtaka mama yao, hata chozi likiwa moja, nawabeba hapohapo. Likizo imekwisha."

"Mwambie bibi, atajuaje na yeye yuko Buguruni?"

"Mwambie baba yako, mie nasikia."

Nikachukua watoto wangu. Mama yao akatusindikiza mpaka barabarani, anamfunga mdogo vifungo huku anatembea. Akaninong'oneza, "Huyu jua likizama analia. Kila siku ya Mungu. Usimbembeleze kwa maneno, maneno yako hayana mwisho. Mpandishe mabegani, mzungushe nje mpaka watu wawashe taa. Atanyamaza mwenyewe."

"Mbona unanisaidia?"

"Bwana, na mie nataka kulala."

Basi tukafika Gongo la Mboto, nyie! Watoto wakakiona kile kitanda, wakapanda, wakarushwa. Mdogo akirushwa juu anacheka, akishuka anacheka, yule dada mtu anapiga kelele, "Tena! Tena!" Nyumba yangu ilikuwa haijasikia kelele za watoto tangu talaka. Kuta zenyewe zilikuwa zinatabasamu, chokaa inapukutika. Mie nikakimbizana na jogoo. Tulikwenda naye mpaka karibu na Pugu, tukarudi, akakubali kwa sababu ya kuchoka, si kwa sababu nilimshika. Dada yangu akaweka pilau jikoni, harufu ikatoka, majirani ambao hatusalimiani wakaanza kutusalimia.

Pilau inapakuliwa, mie nimekaa na wanangu kwenye mkeka, mkono uko kwenye sinia. Tukasikia: "Hodi!"

Sauti ile ya pazia.

Mkwe wangu kasimama nje, khanga mpya ya Idd, furushi kichwani. Dada yangu akamkimbilia, "Shikamoo mama, karibu, kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Nimekuja kusikiliza."

Mie nilishatoka. Nilipita dirisha la nyuma na tonge la pilau mkononi, halikudondoka hata punje. Nikaangukia uani, kwenye banda la jogoo. Nikajiinamia mle. Dunia hii: jogoo kaingia sufuriani, mie nimeingia bandani.

Ukuta wa udongo unapitisha sauti, nikasikia yote. Mkwe akakaa mlangoni, hapohapo katikati. Nyumba ile mlango ulikuwa mmoja tu. Akasema, "Fungeni na dirisha hilo, baridi inaingia." Dada yangu akafunga. Basi mie na nyumba yangu tukawa tumeachana, talaka ya pili.

Dada yangu, Mungu ambariki, hana uoga. Akamuuliza, "Mama, samahani, kwani ukwe haukwisha na talaka? Kaka yangu si angerudi tu ndani akala na watoto wake?"

"Nani kakudanganya? Talaka inavunja kitanda, haivunji ukwe. Mkwe ni mkwe mpaka kaburini. Na kama mie mkwe nimekuja kwenye nyumba hii, firigisi iko wapi?"

Nyie! Mkwe akija, firigisi ni yake, hiyo hakuna mwenye pingamizi. Nikasikia sahani inasogezwa. Nikasikia inatafunwa. Wallahi nimeisikia! Firigisi ya jogoo yule ilikuwa kama ngumi ya bondia, aliitafuna mpaka watu wa msikitini wakadhani kuna mtu anapasua kuni.

Mara binti yangu huyo, kazunguka nyumba, kasimama mbele ya banda, mikono kiunoni.

"Baba, firigisi imekwenda."

"Mwanangu, mkwe akija firigisi ni yake."

"Ulisema yangu."

"Nilisema kabla mkwe hajaja."

"Na wewe mbona uko kwa kuku?"

"Kwa sababu bibi yako ni mkwe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kaburini. Si umemsikia mwenyewe?"

Akanitazama, akalitazama banda, akaondoka. Hakusema neno. Mtoto wangu akinyamaza mjue anaweka akiba.

Nikala pilau yangu mle bandani, dada yangu ananipitishia sahani. Mchana ukaenda. Nikawa nasikia watoto wanaruka kitandani, na mie roho inaruka nao. Lakini jua nalo linateremka, kila nikilitazama limesogea. Nikakumbuka maneno ya mama yao. Magharibi inakuja, dawa ya mtoto ni mabega yangu, na mabega yangu yako kwenye banda la kuku!

Jua likagusa minazi. Ndani kitanda kikanyamaza. Halafu nikasikia, kwa mbali, kama paka aliyekanyagwa mkia: "Iiiii..."

"Enhe!" mkwe akasema. "Hayo! Nilisema mie!"

Dada yangu akaanza kuhangaika. Akampa biskuti, mtoto akaitupa. Akapiga sufuria kama ngoma, mtoto akalia kwa kufuatisha mdundo. Nikamwita binti yangu kwenye ufa wa dirisha, nikamnong'oneza, "Mwambie shangazi ampandishe mabegani!" Shangazi akampandisha. Mtoto akalia akiwa juu, sauti ikafika mbali zaidi. Machozi yale, jamani, jirani alitoa ndoo akinge.

Nikamsikia mkwe anakunjua lile furushi. Kumbe lilikuwa shuka tupu! Alikuja nalo la kufungia nguo za watoto. "Leta shati lake. Leta na gauni la dada yake. Basi la mwisho bado halijapita."

Nikawa nimesimama, paji la uso kwenye ukuta. Kitanda nimesuka, chokaa nimepiga, jogoo kafa, na watoto wangu wanaondoka hata usiku mmoja hawajalala. Nataka kuita, lakini mkwe hapigiwi kelele. Nataka kuingia, mkwe yuko mlangoni. Mabega yananiwasha kama yamemwagiwa upupu.

Mkwe akataka ushahidi kabisa, dada yangu asije akabisha baadaye. Akamuuliza mtoto kwa sauti kubwa, "Mjukuu wangu, unamlilia nani? Sema, shangazi yako asikie."

Mtoto akavuta pumzi. Mie nikaishiwa pumzi.

"Namtaka baba!" akapasua. "Baba yuko kwa kukuuu!"

Nadhani hata wale mbu waliokuwa wanaota moto waligeuka kumtazama bibi. Mtoto ndio kwanza anazidisha. Mwisho bibi akasema taratibu, "Mwambie baba yako aje."

Binti akaja uani. "Baba, bibi anasema uje."

"Mwambie bibi, kakaa mlangoni, na yeye ni mkwe. Siwezi kupita."

Akarudi. "Bibi, baba anasema wewe ni mkwe."

"Mwambie apite tu."

"Baba, bibi anasema upite tu."

"Mwambie naogopa laana."

"Bibi, baba anaogopa..."

"We mwanaume!" Tangu nimuoe bintiye, ndiyo siku ya kwanza mama yule kunisemesha moja kwa moja. Ilikuwa sauti ya kuhamisha kunguru. "Wee! Ukwe gani unaniletea hapa? Binti yangu si ulimwacha? Ukwe umekwisha! Pita umchukue mwanao, masikio yananiuma!"

Nikapita. Sijui nilivyopita, naona upepo wangu ulimvua mtandio. Nikamnyakua mtoto, hop! mabegani, tukatoka. Nikamzungusha kwenye michungwa, nikamzungusha kwa majirani, koroboi zinawashwa moja moja madirishani, na mie namwonyesha, ile pale, na ile pale. Akanishika masikio kwa mikono yake miwili yenye mafuta ya pilau. Kabla hatujamaliza mtaa kashanyamaza, kidevu kakiweka juu ya kichwa changu. Nyie, nimebeba magunia ya mkaa, nimebeba vitanda kutoka Pugu mpaka Buguruni, sijawahi kubeba kitu chepesi kama kile.

Tukarudi. Nikamkuta mkwe wangu, samahani, aliyekuwa mkwe wangu, analikunja lile furushi tupu, dogo, dogo zaidi, analipachika kiunoni. Akatazama pembeni.

"Watakaa mpaka shule zifunguliwe," akasema.

Dada yangu akapiga vigelegele. Mie nikataka kucheza, nikakumbuka nina mtu mabegani. Sasa katikati ya furaha ile binti yangu akasogea, akasimama mbele ya bibi yake, mikono kiunoni.

"Bibi, ukwe umekwisha?"

"Umekwisha, mjukuu wangu."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli, mama."

"Basi tapika firigisi yangu!"