Mama Aliyeombolezwa Akiwa Anapiga Pasi

Siku meneja anampa shoga yangu pole ya kufiwa na mama, mama mwenyewe alikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia, anapiga pasi mashuka.

Mzima wa afya.

Mimi na shoga huyo, Pacha ndivyo nilivyomwita, tulikuwa tunasafisha vyumba kwenye hoteli moja. Ikatoka nafasi mapokezi, tukaomba wote wawili. Walitaka mtu wa Kiingereza cha kuongea na wageni, si kile cha darasani.

Mimi nilikuwa nacho, nimekiokota korido. Pacha alikuwa anakivuruga. Tukitandika kitanda nasema, "Through thick and thin," yaani kwa shida na raha. Yeye: "Through thin and thick."

"We, Kiingereza kina foleni. Thick anatangulia."

"Nani kampa namba?"

Tunacheka mpaka mito inadondoka.

Nikamfundisha yote. Nikamsomea hata jibu langu la usaili: jinsi nilivyomuuguza marehemu mama yangu, through thick and thin, mpaka akanifia mikononi, na ndiyo maana najua kumpokea mtu aliyechoka. Pacha alilia. Akaomba nirudie. Nikarudia, mjinga mimi.

Kwenye usaili akatangulia yeye. Nilipoingia nikasema yangu. Meneja, ambaye alikuwa mgeni pale na watu wa kufulia hajawajua hata sura, akaweka kalamu chini.

"Dada, hii habari mwenzako katoka kuisema sasa hivi, neno kwa neno. Huoni aibu kuiba msiba wa mtu?"

Akanisindikiza nje. Kutoka tu, namsikia anamwambia Pacha pale mlangoni, "Pole sana kwa mama."

"Asante, bosi." Kichwa kakiinamisha.

Nikashuka mbio kwa mama yake. Huyu ndiye aliyenishika siku namzika wangu, na tangu hapo namwita mama. Nilitaka asikie kwangu kwanza.

"Mama, Pacha kawaambia umekufa."

Hakuinua macho. Pasi iliendelea.

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Ni mwanangu, ningefanyaje?"

"Na mimi?"

Akakunjua shuka, akanipa upande wa pili nimsaidie kukunja, kama kila siku. Na mikono yangu ikapokea.

Damu nzito kuliko maji, jamani. Maneno mfundishe yeyote, hayaishi. Ila machozi yako usimwazime mtu. Atayalia mbele za watu, na mwizi utaitwa wewe.