Gazeti Juu ya Kiti

Ninyi wajukuu zangu, na ninyi wasichana mnaosoma Maseno mnaokuja kwangu Jumapili kula samaki, na kijana mwingine yeyote atakayeshika karatasi hii: someni polepole. Mmeniuliza mara nyingi tulivaa vipi tukapendeza, tulikula nini kikawa kitamu, na tulipamba nyumba kwa kitu gani wakati mshahara ulikuwa mmoja na watoto wanne. Mnazishika picha zangu za zamani mnacheka mabega ya sponji. Chekeni tu, lile gauni lilitoka mitumba ya soko la Kibuye na fundi akalikata upya, na kanisani waligeuka wote kuliangalia. Nitawajibu. Lakini siwezi kumfundisha mtu kupamba nyumba kabla sijamwambia jinsi nilivyomfukuza mtu ndani ya nyumba niliyoipamba.

Siku hiyo bado ninayo kichwani, mwanangu, na nikisikia harufu ya sukari inayochemka inarudi yote. Ilikuwa miaka ya themanini, Jumamosi ya mvua. Tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Manyatta, nyumba ya mabati kwenye mstari wa vyumba, ukuta mmoja kati yako na jirani. Mume wangu, Baba Akinyi, alikuwa anapakia mizigo bandarini. Akina mama wa kanisa tulikuwa na desturi ya kutembeleana nyumba kwa nyumba, na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yangu. Walikuwa wafike saa tisa.

Msifikiri walikuja kuomba tu. Waliomba, ndiyo, lakini macho yalikuwa wazi. Walihesabu vitambaa. Mwanamke wa siku zile alijulikana kwa vitambaa vya kushona kwa sindano ya kulabu, vya mgongo wa kiti, vya mikono ya kiti, vya meza, hata vya redio. Ili visimame kama maua ulivichovya kwenye maji ya sukari yaliyochemshwa, ukavianika. Mimi nilivichovya mpaka watoto wakakosa sukari ya chai. Sisimizi walikuja kwa wingi, na bado sikuelewa.

Nilikuwa na seti mpya ya viti, ya kitambaa chekundu. Kuipata nilibana jikoni mwaka mzima. Omena, dagaa wetu wa ziwani, nilichemsha bila mafuta, nyanya moja niligawa siku mbili. Na viti vilipofika, nikaweka sheria. Watoto wasivikalie. Baba yao akitoka bandarini na vumbi la mifuko, akae kwenye kigoda mlangoni. Alikaa. Alikuwa mtu mpole, alikula ugali wake pale kigodani, mgongo ukigusa mlango, na kila mtu aliyepita nje alimsalimia kama mlinzi.

Jirani yangu, Mama Wafula, mama wa Kibukusu mwenye mdomo, aliwahi kuniuliza kwa sauti ya kutosha mstari mzima:

"Mama Akinyi, hivyo viti mmevizika lini? Maana naona maua tu juu yake."

Nilinuna wiki nzima. Nyumba yake yeye ilikuwa na benchi mbili za mbao. Alikata sweta kuukuu za mitumba, zile zisizouzika, akashona mito ya rangi rangi na kuijaza matambara. Pazia lake lilikuwa leso iliyopasuka katikati, akaiunga kwa utepe wa manjano. Nilisema moyoni, huyu anajidanganya.

Basi, Jumamosi hiyo, saa nane, mlango ukabishwa. Nikafikiri wamewahi. Nikafungua, kumbe ni baba mkwe wangu, ametoka nyumbani, upande wa Bondo. Alikuwa hajawahi kufika kwetu mjini. Alikuja bila kutuma habari kwa sababu wakati huo habari ilikuja na mtu mwenyewe. Basi lilimshusha mbali, akatembea kwenye mvua akiuliza njia. Tope lilikuwa limemfika magotini. Koti lake lilikuwa linachuruzika. Mkono mmoja alishika fimbo, mwingine kuku jike, na begani mfuko wa njugu.

"Nyar Seme," akasema. Ndivyo wakwe wanavyomwita mke kwetu, binti wa mahali alikotoka. "Nyar Seme, nimekuja kuona mnakaaje."

Nilipokea kuku. Nikamsalimia kwa heshima, goti nikakunja. Hadi hapo sikukosa. Halafu nikaangalia lile tope, nikaangalia viti, nikaangalia saa. Nikachukua gazeti ambalo Baba Akinyi alifungiwa nyama, nikalifungua, nikalitandaza juu ya kiti kimoja, nikalinyoosha na mkono mpaka kwenye pembe. Nikasema, "Mzee, keti hapa. Nguo zako zina maji."

Mwanangu, kwetu mzee hatandikiwi taka ndipo akae. Hata mgeni usiyemjua hatandikiwi. Nililijua hilo tangu utotoni, hakuna shule iliyohitajika. Lakini mikono yangu ilifanya kazi haraka kuliko akili.

Mzee aliliangalia lile gazeti muda mrefu.

"Kusoma gazeti sijui," akasema polepole. "Na kulikalia pia sijajifunza."

Akageuka. Mfuko wa njugu akauweka chini, ndani ya mlango, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akatoka kwenye mvua. Ningemshika mkono. Ningepiga magoti pale pale. Nilisimama tu, na nitasema ukweli wangu wote: nilichofikiria ni kupangusa alama za miguu yake kabla wageni hawajafika.

Nje nikasikia sauti ya Mama Wafula. "Mzee! Unaenda wapi na mvua hii? Ingia, ingia hapa! Tope ni la nani, si la Mungu?" Na kupitia ukutani nikasikia benchi inasogezwa, mzee anaketi, anashusha pumzi. Baadaye kidogo nikasikia mafuta yanalia kwenye sufuria, harufu ya omena iliyokaangwa na kitunguu ikaingia kwangu. Mzee akacheka. Mimi sikuwahi kumsikia akicheka.

Saa tisa akina mama wakafika. Wakavua viatu, wakakaa kwenye viti vyekundu, wakasifu vitambaa. Tuliimba, tuliomba. Katikati ya chai kicheko cha mzee kikapenya ukuta tena, na kiongozi wetu, mama mmoja mkubwa mwenye miwani, akauliza, "Huyo mzee mchangamfu ni wa nani?"

Nikainua birika nikamwongezea chai.

Nikasema, "Ni mgeni wa jirani."

Ndiyo. Nilisema hivyo, Biblia ikiwa imefunguliwa mezani kwangu juu ya kitambaa kilichosimama kwa sukari.

Baba Akinyi aliporudi jioni, mzee alikuwa ameshapanda basi. Mama Wafula ndiye aliyemweleza, wala hakuongeza kitu. Mume wangu aliingia, akamwona yule kuku amefungwa mguu jikoni. Hakunipigia kelele. Alisema neno moja tu: "Baba yangu hakuketi." Akaenda kwenye kigoda chake mlangoni. Kuanzia hapo hakuongea nami ila kwa jambo la lazima. Nyumbani kwetu mzee akiondoka kwa mwanawe bila kuketi na bila kula, hilo halifutiki kwa kupiga deki. Ukoo ungejua. Ndugu zake wangeuliza, ni mke wa namna gani huyu, na mume wangu angekosa la kuwajibu. Mimi niliona wazi kwamba ama nimrudishe mzee nyumbani kwangu aketi, ama nyumba yangu imekwisha.

Wiki ya pili nikaenda Bondo. Nilipita kwanza kwa mama mkwe, maana kwetu mke wa mwana hamwendei mzee moja kwa moja. Alikuwa anapepeta mtama. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Vaa hiyo leso vizuri," akaniambia. "Twende. Usilie. Akiona machozi ataondoka."

Mzee alikuwa nje, anachonga mpini wa jembe. Nikapiga magoti kwa mbali. Nikasema nimekosa, kwamba nilitandaza gazeti kwa sababu ya tope, na naomba anisamehe.

Akaendelea kuchonga. Kisha akasema, "Tope nilisamehe hata kabla sijafika stendi. Mimi mwenyewe nilijiona, nilikuwa mchafu. Lile lingine je?"

"Lipi, Baba?"

"Ukuta wenu ni mwembamba, Nyar Seme. 'Mgeni wa jirani.' Hilo nalo lilikuwa na tope?"

Nilitamani ardhi inifunike. Mama mkwe alikuwa hajui hilo. Nilisikia pumzi yake ikikatika nyuma yangu.

Mzee akaweka kisu chini. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Akauliza, "Watoto wa mwanangu wanakaa wapi kwa hiyo nyumba?"

Nikasema, chini, kwenye mkeka.

"Na baba yao?"

Nikasema, kwenye kigoda. Mlangoni.

"Kwa hivyo sikutukanwa peke yangu," akasema. "Mimi nilidhani ni mimi tu ulinikatalia, kumbe hujamkaribisha mtu yeyote humo ndani. Umenunulia kina nani viti?" Akaokota kisu chake. "Nenda. Hao wa kwako wakiketi, niite. Nikimaliza kuvuna nitakuja, na nitakuja na miguu hii hii."

Nilirudi Manyatta, nikatoa vitambaa vyote siku hiyo hiyo. Nikawaambia Akinyi na wadogo zake, kaeni. Waliogopa. Mdogo alikaa ukingoni kabisa, kama yuko hospitali anangoja sindano. Baba yao alipofika na vumbi lake nilimshika mkono nikamkalisha mwenyewe. Akakaa. Akashika mkono wa kile kiti, akaupapasa, kama anauliza kama ni kweli.

Halafu nikaenda kwa Mama Wafula. "Nifundishe omena yako," nikamwambia.

Akanitazama juu mpaka chini. "Leo viti vimefufuka?" Kisha akanipa kigoda.

Kwake ndipo nilijifunza haya mnayoniuliza. Kwamba omena ukiziosha maji moto, ukazikausha kwenye sufuria bila haraka, ukaweka mafuta kidogo, kitunguu na nyanya mwishoni, hazihitaji kitu kingine. Kwamba mnavu, ile mboga chungu, unachemshwa leo na maziwa ili uliwe kesho. Miaka ya tisini viwanda vya samaki vilipoanza kutuachia mgongo wazi, mifupa ya samaki mbuta iliyotolewa nyama, watu wengine waliona aibu kuinunua. Sisi tuliikaanga, tukaitia mchuzi wa limau, watoto wakagombania vichwa. Kwamba Kibuye unaenda mapema na unageuza nguo ndani nje kwanza, uangalie mshono, ndipo uangalie rangi. Kwamba gauni moja linalokukaa vizuri mwilini ni bora kuliko matatu ya kutafuta macho ya watu. Pazia, leso. Mto, sweta kuukuu. Ukuta, chokaa, na kalenda ya mwaka uliopita kama picha yake ni nzuri. Na sahani nzuri ni za Jumanne pia. Furaha ya kitu kizuri, mwanangu, iko katika kukitumia na watu wako, na hiyo haikungoja mshahara uongezeke.

Viti vyangu vilipata doa la uji, vikapata wino wa shule. Nilikuwa tayari. Mavuno yakaanza. Nikafuga yule kuku wake ili nimchinjie mwenyewe siku akija.

Hakuja. Mchana mmoja shemeji yangu alifika akiwa amevua kofia, na sikuhitaji aseme. Mzee alianguka shambani, akiwa bado hajamaliza mstari wa mwisho.

Kwetu, msiba ukiingia, viti vinatoka kwa nyumba za wana kwenda kukaliwa na waombolezaji. Nilivipakia vile vyekundu kwenye pikapu kwa mikono yangu. Mtu mmoja akasema tuvifunike turubai, mvua inakuja. Nikakataa. Walivikalia wazee wa ukoo, wavuvi, watu niliokuwa siwajui, kwa siku nne, kwenye tope la Bondo. Nilizunguka nikiwapa chai, na katika kila mgongo niliouona kwenye viti vile nilitafuta wake. Akina mama wa kanisa letu walikuja pia. Yule kiongozi mwenye miwani akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema mbele yao wote, "Ni baba yangu. Ndiye yule mliyemsikia akicheka nyuma ya ukuta. Nilimkana." Kiongozi akanishika bega tu.

Mwanangu, penda nguo. Penda chakula kizuri, penda nyumba inayong'aa, sikukatazi. Nunua kidogo kidogo, chagua kwa akili, shona, paka, panga. Lakini ukiona unaanza kumwangalia mtu wako miguu kabla hujamwangalia uso, simama hapo hapo. Kitu chako kimeanza kukutawala. Na ukikosea, omba msamaha wiki hiyo, usingoje mavuno. Mimi nilisamehewa kwa maneno, lakini kuketi kwake nilikukosa, na nitakufa nikiwa nimekukosa.

Mungu awape mikono inayojua kutengeneza kizuri kutoka kwa kidogo, awape nyumba zenye kelele za watu, na wazazi wenu wafike kwenu wakiwa hai, waketi, wale, wachelewe kuondoka.

Tuliporudi Manyatta kutoka matangani, viti vilikuwa na tope hadi miguuni. Akinyi alichukua maji na kitambaa. Nikamwambia aweke chini. Nikawaita wote, na baba yao, nikasimama katikati ya chumba nikawaambia:

"Kuanzia leo, yeyote atakayeingia mlango huu anakaribishwa kiti kwanza, vile alivyo. Tope tutapangusa akishakula."