Daftari la Madoa Halitoki Wadi Kabir

Saa mbili asubuhi, duka la dobi, mtaa wa Wadi Kabir, Uarabuni. Yaqdhan, dobi wa miaka sitini na saba, anasugua bega la kanzu nyeupe. Doa la mafuta ya udi limemshinda, siku ya tatu leo. Kiwiko kimoja kakikandamiza juu ya daftari kuukuu, asije mtu akalinyakua.

Mtu mwenyewe yupo mlangoni. Ni Muatasim, kijana wa ofisi moja ya urithi wa kale, katumwa kuliazima daftari hilo kwa maonyesho.

"Wiki mbili tu, ammi," anasema kwa Kiarabu.

"Hata birika la mama mkwe mliazima wiki mbili. Mwaka wa nne huu! Wakubwa zenu hawajamaliza kulitazama?"

Nabukeera, Mganda anayepiga pasi, anacheka. "Mzee, huyu katumwa tu. Utamla bure."

"Wote hutumwa. Anayetuma ndiye simuoni."

Mahfoudha, mke wa Yaqdhan, alilirithi daftari kwa bibi yake, aliyelianza Unguja: mapishi ya achari, dawa za tumbo, na jinsi ya kutoa madoa ya kila namna. Mahfoudha akaliendeleza, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yaqdhan aliacha shule darasa la pili, kwa hiyo mkewe ndiye aliyemsomea kila asubuhi.

Alifariki miaka miwili iliyopita. "Akingojea hospitali saini ya mkubwa aliyekuwa mkutanini," anasema Yaqdhan. Tangu hapo kanzu zimeshuka kutoka arobaini kwa siku hadi kumi na tano. Madoa anayoyajua kwa kichwa hayafiki thelathini.

"Haya, soma," anamwambia Muatasim. "Hapo penye udi. Nione kama unakijua unachokitaka."

Muatasim anasoma akijikwaa, Kiswahili hakifahamu hata neno: "Mafuta ya udi. Unga wa dengu mkavu, nguo ilale nao hadi alasiri. Maji usitangulize, Yaqdhan, nakujua una haraka."

Yaqdhan anaiachia kanzu. Nabukeera anatoka mbio kununua unga.

Alasiri doa halipo. Wamekubaliana: Muatasim atakuja kila Alkhamisi, asome palepale dukani, naye Nabukeera anakili kwa herufi zake za Kizungu. Daftari halitoki; picha zake za maonyesho atapiga siku ya ukurasa wa mwisho.

Zimebaki kurasa themanini na tisa. Muatasim ameomba wasome mbili mbili kila Alkhamisi.

"Mmoja unamtosha," Yaqdhan anamwambia Nabukeera. "Mkubwa wake akishapata picha, nani atakuja tena kunisomea maneno ya mke wangu?"