Salamu Niliyoikata kwenye Filamu

Klabu yetu ya filamu ilikuwa na kanuni isiyojadiliwa: kazi ya mashindano isizidi dakika tano, la sivyo majaji hawaitazami. Yangu ilizidi kwa karibu nusu dakika. Ilimwonyesha baba, shambani kwetu Lukozi, akibebesha kikonyo cha peasi, yaani akiunganisha kijiti chake kwenye shina la mche, kwa mkono wa kushoto, mkono pekee aliobakiwa nao baada ya kiharusi. Nilikuwa nimesimamisha masomo ya uzamili ili nimuuguze, na nilitaka majirani wamwone tena akiwa fundi, si mgonjwa.

Nilipima kila kipande. Kisu kinapopasua shina hapakupunguzika, wala utepe unapofungwa. Ulibaki mwanzo: naingia, nasema shikamoo, naye anahangaika na ulimi mpaka jibu linatoka. Kwa hoja zote nilizoweza kuzipanga, pale hapakuwa na tendo lolote. Nikauondoa.

Siku ya mashindano ukumbi wa Lushoto ulijaa. Baba aliketi mstari wa mbele, kanzu chini ya koti zito. Ukutani nikaonekana tayari nimesimama kando yake shambani, na neno langu la kwanza kwake likawa, "Kisu kiko wapi?"

Ukumbi ukaguna.

"Hee! Hata shikamoo?" alisema mama mmoja nyuma yangu.

"Ndio wasomi hao, mama," mwenzake akamjibu. "Salamu wameziacha chuoni."

Watu wakacheka. Baba aligeuza shingo taratibu akanitazama. Nilielewa alichokiona: mbele ya majirani, mwanawe amemhesabu mtu asiyestahili hata kuamkiwa. Ningeweza kumweleza baadaye, nyumbani. Lakini majirani hawa wasingekuwepo kusikia.

Nikasimama. Kivuli changu kikaangukia picha.

"Shikamoo, baba."

"Kaa chini wewe, tunaangalia!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Nyamaza, mwache mzee ajibu," yule mama akamkemea.

Baba akaanza. Sauti ya kwanza ilikwama, ya pili pia. Projekta iliendelea, kisu kikapasua shina, utepe ukazungushwa, na hakuna aliyetazama. Ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri. "Marahaba" ilipotoka ilitoka imepinda, lakini yote.

Hatukupata nafasi yoyote. Mwenyekiti wa majaji, mwalimu mstaafu, alieleza kwa upole kwamba ufundi wenyewe haukuonekana, nao hawawezi kutoa alama kwa wasichokiona. Alikuwa sahihi. Nilitaka wamwone fundi. Wakamwona mgonjwa, akipigana na neno moja, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka. Watu walimzunguka baba wakimwamkia. Niliinama sikioni mwake nikaanza kumfafanulia kanuni ya dakika tano, na kwa nini nilichagua kipande kile na si kingine. Akaniinulia mkono wa kushoto ninyamaze. Alikuwa katikati ya kumjibu mtu.