Kioo Kilichotuonyesha Mwezi wa Idi

Tuliokuwepo uani kwetu Mlandege, Iringa, ni hawa: baba yangu Athumani, muuza vitambaa; mama yangu Zuhura; Bibi Mwanahawa, mama yake baba; jirani yetu Baba Agata, seremala, Mhehe na Mkristo; binti yake Agata, shoga yangu; na mimi Tatu. Ilikuwa miaka ya hamsini, jioni ya mfungo ishirini na tisa. Baridi inauma, moshi wa kuni za miti ya miwati umetanda, nasi tumefungua kwa maji tu ili tuwahi kuutafuta mwezi. Bibi alikuwa mgonjwa, amekonda kama ufito, na kula mchana hataki kabisa. Mwezi usipoonekana, kesho anafunga tena, nasi tuliogopa hataiona jioni yake.

Ndipo Baba Agata akaja na darubini aliyoachiwa na mzungu wa shamba aliyerudi kwao, pamoja na vioo vitatu vya kuwekea jicho. Kipi cha nini, hakuna aliyejua. Baba akachagua kile kifupi, chenye kitundu kidogo, maana kilikuza kuliko vyote: mti wa kilimani ulionekana jani kwa jani. Akaielekeza darubini magharibi. Weupe mtupu. Akasogeza, weupe. Na mwezi mchanga haungoji mtu.

"Baba Tatu, unamtafuta ng'ombe kwa tundu la ufunguo!" Baba Agata akacheka.

"Cheka tu, kesho pilau huli."

Baba Agata akachomeka kile kirefu, chenye mdomo mpana, kilichokuza kidogo kuliko vyote. Mbingu ikaingia, kilima na mti wake. "Huu hapa!" akaita, Agata akiwa ubavuni pake. Nami nikapewa zamu. Jamani! Ukucha wa nuru, na ndani yake mwezi wote uliobaki, wa kijivu, umetulia kama chungu gizani. Nilisahau baridi, nikasahau hata kupumua.

"Mwezi wa kwenye bomba mimi siutambui," Bibi akasema.

Basi baba akasimama nyuma ya darubini, akafuata ilikoelekea kwa macho yake matupu, juu ya ule mti. "Wallahi, mama, nauona."

Bibi akamtazama sana. "Haya. Zuhura, asubuhi nichemshie uji."

Leo niko Mbalizi, na mjukuu wangu ana mwezi ndani ya simu. Anaukuza mpaka mashimo yake, nami nastaajabu kweli. Ila kwetu hakuna tena anayekonda kwa kuungoja. Mimi niliishia darasa la pili, sikuandika popote, nashika majina ya waliokuwepo tu. Agata, kama u hai na unasomewa haya, mimi nasema baba yako ndiye aliyeuona kwanza. Kama ni wewe, nisahihishe.